Mlango wa Neno: Silabi ya Kwanza na Mawe ya Mabanga

Mabanga ni mawe. Ndivyo anavyolisikia jina hilo mtu anayejua Kilingala: libanga ni jiwe moja, mabanga ni mawe mengi. Na mtaa wenyewe hauhitaji mkalimani. Mabanga Kaskazini na Mabanga Kusini, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, mashariki mwa Kongo, imekaa juu ya mwamba mweusi uliotapikwa na volkano. Nyumba nyingi ni za mbao, zimeinuliwa juu ya msingi wa mawe ya lava. Ua umezungushiwa mawe hayohayo, yamepangwa moja juu ya jingine. Soli ya kiatu haidumu, kwa sababu jiwe la hapa lina matundu na kingo kali, hukwaruza kama msasa. Kando ya njia ameketi mama mwenye nyundo. Anapasua jiwe kubwa mpaka liwe kokoto za kuuzia wajenzi. Wasemaji wa Kilingala wana msemo, kobeta libanga, yaani kupiga jiwe, na maana yake ni kuhangaikia riziki. Kinshasa msemo huo ni mfano tu. Hapa yuko mama anayeutimiza kwa mikono yake tangu asubuhi.

Sasa sikiliza jinsi majirani zake, na wengine wa mbali, wanavyoliita jiwe hilo yakiwa mengi. Anayesema Kinyarwanda atasema amabuye. Anayesema Kishi, aliyepanda mashua kutoka Bukavu, naye atasema amabuye. Mnande aliyeshuka kutoka Butembo na mizigo yake ya biashara atasema amabwe. Anayesema Kikongo kule magharibi, karibu na bahari ya Atlantiki, atasema matadi, na ndiyo sababu bandari yao inaitwa Matadi. Mswahili wa pwani atasema mawe, na hapa Goma utasikia pia majiwe. Watu hawa wote wametengana kwa lugha, kwa mila na kwa umbali, lakini wakitaka kusema kwamba jiwe si moja, midomo yao inafunguka kwa silabi moja: ma.

Nimekulia kati ya midomo hiyo, na kwa muda mrefu sikuona ajabu yoyote. Ilinibidi nianze kufundisha Kiingereza ndipo nikatambua kwamba silabi hii ya kwanza ina historia ndefu. Ina watu walioishangaa, walioihesabu na walioivusha misitu. Historia hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia, kwa sababu naamini mtoto wa Mabanga ana haki ya kuijua kabla hajaambiwa kwamba sarufi ni kitu kilichotoka ng'ambo.

Ma ya mawe, ma ya maji

Wataalamu wanaolinganisha lugha za Kibantu wanakadiria kwamba lugha iliyozizaa ilisemwa kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita, katika nchi zilizo mpakani mwa Nigeria na Kameruni ya leo. Hakuna aliyeiandika. Inajulikana kwa mabaki yake, kama unavyoijua familia kwa sura za wajukuu. Pale lugha zilizoachana kwa maelfu ya kilomita zinapotumia silabi ileile kwa kazi ileile, bahati haitoshi kuwa jibu.

Jiwe linatosha kulionyesha jambo hilo. Mzizi wake wa zamani umebaki kwa Waswahili kama -we, kwa Wanande kama -bwe, kwa Wanyarwanda na Washi kama -buye. Kusini ya mbali Washona wana mabwe, na maelezo yanayokubaliwa zaidi kuhusu jina la Zimbabwe ni kwamba linatoka kwenye nyumba za mawe, dzimba dza mabwe. Wengine waliuacha mzizi huo wakashika mwingine: Wakongo wana -tadi, na Kilingala kina -banga. Hata hapo, jambo moja halikuguswa. Kiini cha neno kimebadilishwa chote, lakini mlango wake ni uleule.

Silabi hii ina kazi ya pili, na kazi hiyo ndiyo inayonigusa zaidi nikiwa Goma. Ma- hubeba pia vitu vinavyomiminika, ambavyo kwa kawaida havihesabiwi kimoja kimoja: maji, maziwa, mafuta, machozi, mate. Kinyarwanda kina amazi, amata, amavuta, amarira. Maji hayana umoja; hakuna anayesema amekunywa "ji" moja. Basi silabi moja imeshika mawe kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine.

Watu wa Goma wanajua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa kitu kimoja. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa juu ya mlima Nyiragongo lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika kwa kasi kubwa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama ukingoni mwa mji. Kila mara kilichokuja kilikuwa kinamiminika, na baada ya siku kadhaa kilikuwa kimegeuka kuwa jiwe la kujengea. Waliotupa silabi hii hawakuwa wakifikiria Nyiragongo, lakini sijaona mji mwingine ambako ma- ya maji na ma- ya mawe zinakutana namna hii.

Waliotazama mwisho wa neno

Wageni walipofika na kalamu zao, walitazama upande usio sahihi. Walikuwa wamelelewa katika Kilatini, lugha ambayo kila badiliko hutokea mkiani mwa neno. Mwanafunzi wa Kilatini hujifunza kuangalia mwisho: hapo ndipo anajua kama kitu ni kimoja au vingi, kama ni mtendaji au mtendwa. Alipokutana na lugha ambayo mkia umetulia na kichwa ndicho kinachobadilika, alipotea.

Mmoja wa wa kwanza kugeuza shingo alikuwa padri Mkapuchini kutoka Italia, Giacinto Brusciotto, aliyekuwa mkuu wa misheni ya Kongo. Mwaka 1659 alichapisha Roma kitabu kidogo cha sarufi ya Kikongo, kwa Kilatini. Humo alikubali waziwazi kwamba majina ya lugha hii hayapangwi kwa miisho yake bali kwa mianzo, akayagawa katika mafungu kufuatana na silabi zinazotangulia. Aliona pia kwamba silabi ya jina huwalazimisha wenzake katika sentensi kufuata sura yake. Kwa mtu aliyesoma Kilatini peke yake, kukiri hivyo kulihitaji unyenyekevu. Tena ni wazi kwamba hakuyaota: aliyasikia kwa Wakongo, ambao majina yao kitabu hakikutuwekea.

Karibu karne mbili baadaye, kwenye pwani ya mashariki, alifika Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na shirika la wamisionari wa Kianglikana. Alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika huko mke wake na mtoto wao mchanga. Hata hivyo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohidin. Mwaka 1850 muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili ulichapishwa Tübingen. Askofu Edward Steere akafuata na kitabu cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870.

Aliyezipa silabi hizi namba ni Wilhelm Bleek. Alizaliwa Berlin mwaka 1827, akaja Afrika Kusini mwaka 1855, akaishi Cape Town mpaka alipofariki mwaka 1875. Katika kitabu chake cha 1862 alilinganisha lugha nyingi za kusini mwa Afrika, akaona kwamba silabi zake za mwanzo zinalingana, akazipanga kwa namba. Akahitaji jina la familia nzima, akalichukua neno linalomaanisha watu, akaandika ba-ntu. Neno hilo hakuliunda yeye. Kila asubuhi Mabanga mama anamwambia mwanawe apishe bantu njiani, wala hajui kwamba ametamka jina ambalo vyuo vikuu vya dunia vinaliandika kwa herufi kubwa.

Carl Meinhof aliikamilisha kazi ya Bleek katika vitabu vya 1899 na 1906. Alipokuwa mchungaji katika kijiji cha Zizow, Ujerumani ya wakati huo, alijifunza Kiduala kwa kijana wa Kameruni aitwaye Njo Dibone. Baadaye Meinhof alishika nadharia za rangi na damu ambazo leo zimekataliwa, na ni haki kulisema hilo. Namba zake, hata hivyo, zimebaki: mtu ni ya 1 na watu ya 2, mti ni ya 3 na miti ya 4, jiwe ni ya 5 na mawe ya 6, kitu ni ya 7 na vitu ya 8. Watoto wa shule za Afrika Mashariki hawahitaji namba hizo. Wao husema M-WA, M-MI, JI-MA, KI-VI, na kuziita ngeli. Lakini ukitaka kulinganisha mawe ya pwani na mabanga ya Kilingala, namba 6 inakufikisha moja kwa moja.

Njia ya Wangwana

Kiswahili chenyewe kilikujaje Kongo? Kilikuja kwa miguu, mabegani mwa wapagazi, pamoja na pembe za ndovu na minyororo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara kutoka Unguja na Tabora ilivuka Ziwa Tanganyika ikafika Nyangwe na Kasongo, karibu na mto Lualaba. Mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja aliyefariki mwaka 1905. Biashara yake ilikuwa pembe na watumwa, na vijiji vingi vilichomwa ili iendelee. Watu waliofuatana na misafara walijiita waungwana au wangwana, yaani watu huru, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Silabi ki- ilifanya hapo kazi yake ya kawaida: ilimchukua mtu, ikamgeuza kuwa lugha.

Upande wa magharibi aliingia Henry Morton Stanley, mtumishi wa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Alipokuwa akipasua miamba ili afungue njia kuanzia mwisho wa mwaka 1879, Wakongo walimpa jina Bula Matari, mpasua mawe. Jina likahama kutoka kwake likawa jina la dola ya Leopold yenyewe, ile iliyodai mpira na kodi. Kwa hiyo hata utawala wa kikoloni ulijulikana kwa neno lenye ma- ya mawe ndani yake.

Kiswahili kilipoingia Kivu kilikuta lugha zilizokwisha kuwa na milango yao. Wenyeji walisema aba- au ba- kwa watu, wakalileta hilo ndani ya Kiswahili: batoto banalala, bamama banaenda soko. Anayetoka pwani husikia kosa. Lakini wanaolinganisha lugha wanakubaliana kwamba silabi ya zamani ya watu ilikuwa ba-, na wa- ya pwani ni ileile ba- iliyolainika mdomoni kwa miaka mingi. Mtoto wa Mabanga anayesema batoto anasimama karibu zaidi na mababu kuliko kamusi.

Vilevile na vitu vidogo. Kiswahili cha pwani kiliacha ka- na tu-, namba 12 na 13 katika hesabu ya leo, kikatumia ki- na vi- badala yake: kitoto, vitoto. Goma husema katoto na tutoto, kanyumba na tunyumba. Si kwamba tumevibuni. Kinyarwanda, Kinande na Kishi vimezitunza silabi hizo, na Kiswahili chetu kikazipokea tena kutoka kwa jamaa zake wa bara, kama mtu anayerudishiwa mali aliyoisahau.

Mwaka 1925 ulifanyika mkutano Dar es Salaam uliofungua njia ya Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na Kiunguja ndicho kilichokuwa msingi. Kongo, iliyokuwa chini ya Wabelgiji, haikuwa na kiti katika meza hiyo. Kiswahili cha Goma kiliendelea kukulia sokoni, kambini na kanisani. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba.

Mgeni na mwenyeji wake

Nguvu ya silabi ya kwanza huonekana vizuri zaidi neno geni linapobisha hodi. Kiarabu kilikuja na kitab. Kwa Mwarabu ki- hiyo si kitu peke yake. Mzizi ni k, t, b. Mswahili alisikia ki-, akaitambua kama mlango wa nyumba yake mwenyewe, akasema kitabu kimoja, vitabu viwili. Muallim akawa mwalimu, na wingi wake walimu. Masjid ikawa msikiti, ikapata misikiti.

Kiingereza kilipokuja na chuma chake, mambo yalikuwa yaleyale. Motor-car ilifika Kongo ikawa motuka, na kwa kuwa mo- inasikika kama ya mti, Kilingala kikaipa wingi wake bila kusita: mituka. Mafundi wa Tanzania waliichukua mudguard, wakasikia ma- ya wingi mwanzoni, wakaiondoa. Lile bati moja la juu ya gurudumu likabaki digadi, na mengi ni madigadi. Amri ya barabarani keep left ikawa kipilefti, mahali pa mzunguko wa magari, na miji mikubwa ina vipilefti vingi. Mwingereza aliyeandika kibao kile hakujua kwamba ameandika ki-.

Kifaransa nacho kiliacha alama yake kwa njia ya kipekee. L'hôpital ilipokelewa na kijineno chake cha mbele kikiwa kimegandamana, ikawa lopitali. L'État ikawa Leta, na ndivyo serikali inavyoitwa mpaka leo pande zetu na kwa majirani wa Rwanda. Sikio la Kibantu likisikia kijisehemu kimeganda mbele ya jina, halikitupi. Linaamini kwamba kitu kilichoko mlangoni kina sababu ya kuwa pale.

Pamoja na mlango kuna hesabu ya silabi. Katika Kiswahili kila silabi hupenda kuishia kwa irabu: ma-ba-nga, ma-ji-we, lo-pi-ta-li. Kila irabu inapata haki yake, na mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinaweza kurundika konsonanti mpaka neno strength, lenye silabi moja tu, lifungue na sauti tatu za konsonanti kabla ya irabu, na kufunga na nyingine baada yake. Tena mkazo wake unahama: photograph hupigwa mwanzoni, photographer husogea mbele. Wetu hubaki silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana mdomo wa hapa ulisema bulangeti badala ya blanket. Haukushindwa. Ulikuwa unaweka ngazi ili neno lipande silabi kwa silabi.

Darasa la jioni

Haja ya Kiingereza haikuja Goma kwa shule za serikali. Ilikuja kwa mpaka. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza, na Gisenyi iko hatua chache ng'ambo ya kizuizi ambacho maelfu ya wafanyabiashara wadogo hukivuka kila siku kwa miguu. Kisha Kongo yenyewe ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikatia saini mkataba jijini Nairobi tarehe 8 Aprili 2022. Vijana waliofundishwa kwa Kifaransa tangu utoto wakaanza kutafuta Kiingereza jioni, baada ya kazi, katika vyumba vya mbao vyenye ubao mmoja na taa ya sola.

Katika chumba kimoja cha namna hiyo, Mabanga Kusini, niliandika ubaoni neno unbreakable. Nikawaomba wanafunzi walipigie makofi, kofi moja kwa silabi. Mwingereza angepiga manne. Wao walipiga sita, kwa sauti moja, bila kupishana: a-ni-bu-re-ka-bo. Hawakuwa wamekubaliana. Ile ilikuwa sheria ya lugha zao tano au sita ikizungumza kwa mikono kumi na minane kwa wakati mmoja.

Nikalikata neno kwa chaki: un, break, able. Nikawaeleza kwamba un- ni ya zamani sana, Waingereza walikuwa nayo kabla Wanormani hawajavuka bahari kuwateka mwaka 1066. Able ilikuja baadaye, kwa mlango wa Kifaransa, pamoja na dis- na re- ambazo wao wenyewe wanazijua kutoka shuleni. Neno moja, na ndani yake watu wawili waliopigana wamekaa kimya pamoja. Walilipenda hilo. Watu wa Kivu wanajua thamani yake.

Kisha tukaliweka kando ya letu. Jiwe lisilovunjika, mawe yasiyovunjika. Kiambishi cha Kiingereza, un-, hugeuza maana na kazi yake imekwisha. Hakijali kama kinachosemwa ni jiwe, mtu au mti. Kinabaki un- popote. Letu lina si ya kukana, lakini kabla yake kuna li au ya, inayosema ni nani anayezungumziwa. Nikaandika: mawe haya mawili meusi yasiyovunjika yameanguka. Mmoja mmoja wakapiga mstari chini ya kila mahali ambapo jiwe lilikuwa limeacha alama yake. Hapakuwa na neno hata moja ambalo halikuguswa. Nikaandika kwa Kiingereza, these two black unbreakable stones fell. Wingi ulionekana katika these, na katika s moja mwishoni mwa stone. Black hakuwa na habari. Fell hakuwa na habari.

Hapo ndipo msichana mmoja aliyekaa karibu na mlango aliuliza swali ambalo sijalisahau. "Mwalimu, juu ya nini banaiweka nyuma?" Kwa nini wanaiweka mwishoni?

Nilikuwa nimesahihisha kosa hilo kwa miezi. Wanafunzi wangu waliandika two stone, many child, na mimi nikaongeza s kwa kalamu nyekundu nikidhani ni uzembe. Swali lake lilinifanya nitazame upya. Kishi, Kinande, Kinyarwanda, Kiswahili na Kilingala huweka wingi mlangoni. Na Kifaransa je? Katika daftari Kifaransa kina s mwishoni, lakini sikio haliisikii. Kinachosikika ni kijineno cha mbele: la pierre ni jiwe, les pierres ni mawe, na tofauti yote iko mwanzoni. Kwa hiyo mtoto huyu alipoanza shule na kukutana na lugha ya Wabelgiji, sikio lake halikuhama. Liliendelea kungoja habari mlangoni, na habari zilikuja. Kiingereza ndiyo lugha ya kwanza maishani mwake iliyompitisha mlangoni bila kumwambia chochote, ikamwachia siri yake kwenye mkia, katika sauti nyembamba kama ya nzi. Hakuwa mzembe. Alikuwa anasikiliza kwa bidii mahali ambapo mababu zake wamesikiliza kwa miaka elfu nne.

Brusciotto alitoka Italia akitazama mwisho wa neno, ikambidi ajifunze kutazama mwanzo. Msichana wa Mabanga anatazama mwanzo, na inambidi ajifunze kutazama mwisho. Safari ni ileile, imegeuzwa tu. Tofauti ni kwamba padri alipewa heshima ya mgunduzi, naye anapewa alama nyekundu. Ninasema bila kuficha kwamba hilo halifai. Mwalimu wa lugha katika nchi yetu angeanza na sheria ambayo mwanafunzi anayo tayari mdomoni, angemwonyesha kwamba ni sheria kamili, yenye namba na historia, na baada ya hapo tu ndipo angemwonyesha ya jirani.

Nilimjibu kwamba kila lugha huchagua mahali pa kumwekea msikilizaji habari. Yetu huiweka mlangoni na kuipeleka kwa kila aliyemo ndani, ile huiweka uani, mara moja. Alifikiri kidogo, akachukua chaki. Chini ya stones akachora mstari kwenye s, kutoka hapo akavuta mshale mrefu ukavuka ubao wote mpaka mwanzo wa neno mawe, akauzungushia duara.

"Basi hii s ni ma yabo," akasema.

Ni ma yao. Darasa likanyamaza. Taa ilipozimwa tulitoka, na kila mtu akashuka kwa uangalifu, akipapasa kwa mguu gizani, jiwe baada ya jiwe. Wiki iliyofuata niliposahihisha madaftari, s zilikuwa zimeanza kukaa mahali pake. Kwenye daftari la msichana yule, pembeni mwa kila s, palikuwa na herufi mbili ndogo za penseli alizojiandikia mwenyewe: ma.